Vipindi vya muziki wa Waluo

Muziki wa Waluo, unaosikika kote katika kaunti za Migori na Homa Bay, magharibi mwa Kenya, una vipindi ambavyo hata asiyejua lugha yao, Dholuo, huvitambua kwa sikio. Ulaya, mlio wa kinanda cha hapsikodi huashiria enzi ya muziki ya Baroko. Hapa pia ala ndizo hutoa siri.

Kipindi kikongwe ni cha nyatiti, zeze la nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, njuga mguuni, na kwa pete ya chuma kidoleni mwa mguu huigonga mbao ya ala: mtu mmoja, kikundi kizima. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi muziki wa Waluo mwaka 1950. Orutu, fidla ya uzi mmoja, ni ya enzi hiyohiyo ya nyatiti.

Miaka ya 1960 ikaleta benga. Asikilizwe kwanza mpiga gitaa la solo: hudonoa noti mojamoja kwa kasi, akiiga nyatiti, huku besi ikirukaruka. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, aliieneza na bendi yake, Shirati Jazz, hadi alipofariki mwaka 2006. Waimbaji wanaponyamaza na gitaa kushika usukani, hapo ndipo utamu wenyewe.

Ohangla, muziki wa ngoma, ulivuma upya miaka ya 2000 kupitia mwanamuziki Tony Nyadundo, sasa ukiwa na kinanda cha umeme. Kabla ya hapo, mwanamuziki Ayub Ogada alikuwa amerudi kwenye nyatiti: albamu yake *En Mana Kuoyo* ilitoka mwaka 1993.