Ndoto na Hadhira Yake: Emuron wa Waturkana na Mchezo wa LSD

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuitazama ndoto kama mbinu ya kifani: humruhusu mtunzi kuvunja mfuatano wa wakati na kuwakutanisha walio hai na wafu. Tangu E. Kezilahabi alipochapisha Nagona (1990) na Mzingile (1991), mjadala umeelemea ugumu wa matini za namna hiyo. Suala la nani anayeipokea ndoto na kuipa maana halijapewa uzito unaostahili. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kulinganisha ndoto ya emuron katika historia ya Waturkana na ndoto iliyogeuzwa mchezo wa video nchini Japani mwaka 1998. Hoja ya msingi ni kwamba ndoto haiwi matini kwa sababu ya maajabu yake, bali kwa sababu ipo hadhira inayowajibika kuifasiri.

2.0 Ndoto Isiyo na Mfasiri

LSD: Dream Emulator ni mchezo wa mashine ya PlayStation uliobuniwa na msanii Osamu Sato na kutolewa na kampuni ya Asmik Ace. Chimbuko lake ni shajara ya ndoto ya Hiroko Nishikawa, mfanyakazi wa kampuni hiyo, aliyeziandika kwa takriban miaka kumi. Mchezaji hapewi jukumu, wala adui wa kumshinda. Hutembea tu. Akigusa ukuta, mnyama au mtu, huhamishwa papo hapo hadi mandhari nyingine. Ndoto moja haizidi dakika kumi, nayo huhesabiwa kuwa siku. Inapokwisha, huonyeshwa mchoro unaopima kama ilikuwa ya kuchangamsha au ya kuhuzunisha, tulivu au yenye vurugu. Kadiri siku zinavyoongezeka, sura za kuta na ardhi hubadilika na kupotoka. Yumo pia mtu wa kijivu ambaye, akimfikia mchezaji, humnyang'anya uwezo wa kuzirudia ndoto zilizopita.

Ujasiri wa kifani wa kazi hii haupingiki. Hata hivyo, shajara ilikuwa na mwenyewe, na kila ndoto iliyomo ilifungamana na maisha fulani. Katika mchezo, maisha hayo yameondolewa. Mchoro hupima ndoto bila kuifasiri, na mchezaji hana wa kumsimulia alichokiona.

3.0 Ndoto Mbele ya Baraza

Miongoni mwa Waturkana, hali ni kinyume. Emuron (wingi, ngimurok) hupokea ujumbe wa Akuj, yaani Mungu, kwa njia ya ndoto. Lakini ndoto hiyo haimalizikii usingizini. Husimuliwa, kisha hudai tendo: mnyama wa rangi iliyotajwa achinjwe, au watu wahame. Katika akiriket, kikao cha wanaume kinachoandamana na kafara, neno la emuron hukutana na sala na itikio la waliohudhuria. Sifa yake hutegemea matokeo. Anayeota yasiyotimia hupoteza wafuasi.

Utafiti wa mwanahistoria John Lamphear (1992) unaonyesha kwamba ngimurok walikuwa na nafasi kubwa katika siasa na vita, ukiwamo upinzani dhidi ya Waingereza, ambao mwaka 1918 walituma msafara wa kijeshi wa Labur kuwatiisha Waturkana. Ndoto zao, basi, hazikuwa burudani wala njia ya kuukwepa uhalisia.

Ardhi hiyohiyo iliwapokea wasafiri wengine. Mwaka 1992, maelfu ya watoto na vijana waliokimbia vita vya Sudan waliingia Kenya kutoka Narus hadi Lokichoggio, kwa njia ya Nadapal, kisha wakapelekwa Kakuma, kando ya mto Tarach. Safari yao, iliyowahamisha kutoka mandhari moja hadi nyingine bila hiari, ingeweza kufananishwa kijuujuu na mchezo wa Sato. Tofauti ni kwamba wao walihitaji msikilizaji. Jambo hili linadhihirika katika Salaam, mchezo wa Lual Mayen, Msudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Ulibuniwa ili mchezaji aweze kulipa fedha halisi kumpatia mkimbizi chakula, maji na dawa, na sehemu ya fedha hizo imekusudiwa wakimbizi wenyewe. Anayetazama anatakiwa kuitikia, kama ilivyo katika baraza la emuron.

4.0 Hitimisho

Imebainika kwamba ajabu peke yake haitoshi kuwa kigezo cha kuitathmini ndoto katika sanaa. Mhakiki anayeishia kuorodhesha maajabu ya Nagona anafanya kazi ya ule mchoro wa LSD: anapima, hafasiri. Masimulizi ya ndoto ya Waturkana na ya wakazi wa Kakuma yanastahili kukusanywa kama fasihi simulizi, pamoja na majibu ya waliosimuliwa. Bila majibu hayo, nusu ya matini itakuwa imepotea.