Julius Ssekitoleko, mnyanyua vyuma wa Uganda aliyeacha barua Japani

Julius Ssekitoleko ni mnyanyua vyuma wa Uganda ambaye jina lake lilienea duniani mwezi Julai 2021, si kwa uzito aliouinua, bali kwa kutoweka katika mji wa Izumisano, Japani, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Alikuwa na umri wa miaka 20.

Miaka mitatu kabla ya hapo aliiwakilisha nchi yake katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast, Australia, akashika nafasi ya 10 katika daraja la kilo 56. Kilo hizo ni za mwili wa mchezaji, si za chuma. Mchezo wenyewe una minyanyuo miwili tu: katika ule wa kwanza chuma hutolewa sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mwendo mmoja, katika ule wa pili hupumzishwa kwanza mabegani, ndipo kisukumwe juu. Kila mchezaji hupewa majaribio matatu kwa kila mnyanyuo, na uzito wake bora wa kila upande hujumlishwa.

Aliyewahi kuwatazama vijana wa Mbarara wakipakia mikungu ya matoke kwenye malori anajua kwamba nguvu si kitu adimu Uganda. Kilicho adimu ni jukwaa, kocha, chuma chenye kipimo sahihi, na zaidi ya yote nauli ya kwenda kushindana ng'ambo.

Nauli hiyo ina uzito wake. Tokyo ilikuwa na nafasi 196 za wanyanyua vyuma, 14 kwa kila daraja, na mtu hakuzipata kwa kunyanyua vizuri siku moja. Alitakiwa kukusanya alama katika mashindano kadhaa ya kimataifa. Wanane wa juu katika orodha ya dunia waliingia moja kwa moja. Baada yao kila bara likapewa nafasi moja katika kila daraja. Isitoshe, daraja la kilo 56 lilikuwa limefutwa mwishoni mwa 2018, na dogo kabisa kwa wanaume huko Tokyo lilikuwa la kilo 61.

Ssekitoleko alifika Japani tarehe 19 Juni 2021 katika msafara wa watu tisa, orodha ya mwisho ikiwa bado haijatoka. Kocha mmoja aligunduliwa kuwa na korona uwanjani Narita. Baadaye, Izumisano, mjumbe mwingine naye akagunduliwa, na wote wakawekwa karantini. Orodha ilipotoka, jina la Ssekitoleko halikuwamo. Alipangiwa kurudi nyumbani tarehe 20 Julai.

Tarehe 16 Julai sampuli yake ya mate kwa ajili ya kipimo cha korona haikuletwa. Chumbani hakuwamo. Ilikutwa barua aliyoandika kwamba maisha ya Uganda ni magumu na kwamba anataka kubaki Japani afanye kazi. Aliomba mizigo yake ipelekwe kwa jamaa zake. Ilibainika kuwa alikata tiketi ya treni ya mwendo kasi kwenda Nagoya. Polisi walimpata Yokkaichi, mkoani Mie, tarehe 20 Julai, siku ileile aliyokuwa asafiri. Alifika Entebbe tarehe 23, akachukuliwa na polisi kuhojiwa, akashikiliwa kwa siku kadhaa, kisha akaachiliwa.

Wakazi wa Misiera na vijiji vingine vya Nakivale waliopitia mahojiano ya hadhi ya ukimbizi watatambua upesi udhaifu wa barua ile. Mkataba wa Geneva wa 1951, ambao Japani imeuridhia, humlinda mtu anayehofia kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Ugumu wa maisha haumo, hata ukiwa mkubwa kiasi gani.

Uganda ilitoka Tokyo na medali nne, mbili kati yake za dhahabu, zote za riadha.

Katika kunyanyua vyuma, kisa kilicho karibu zaidi na hiki ni cha Cyrille Tchatchet wa Kamerun. Mwaka 2014 aliiacha timu yake baada ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow, akalala chini ya daraja mjini Brighton, akaomba hifadhi Uingereza na kuipata. Akasomea uuguzi wa afya ya akili, akaifanya kazi hiyo huku akiendelea na mazoezi. Tarehe 31 Julai 2021, wiki moja baada ya Ssekitoleko kushushwa Entebbe, Tchatchet alipanda jukwaani Tokyo katika Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi, akawa wa 10 katika daraja la kilo 96.