Breki za Mafuta na Adui Yao

Msomaji, ukifika Wajir utaona visima vilivyochimbwa katika mawe ya chokaa, na wafugaji wakivuta maji kuwanywesha ngamia wao. Mvutaji ajua ya kuwa tundu dogo katika ndoo humpotezea jasho lake. Ajuaye hilo hatashindwa kufahamu habari za breki za Land Rover na malori ya zamani.

Mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault alitengeneza breki ya dramu, yaani viatu viwili vinavyotanuka ndani ya chuma cha mviringo kinachozunguka pamoja na gurudumu. Kwa miaka mingi viatu hivyo vilivutwa kwa nyaya au fito za chuma, na ilikuwa kazi ngumu kuyakaza magurudumu yote kwa nguvu sawa. Ndipo mwaka 1917 Mmarekani Malcolm Loughead aliposajili uvumbuzi wa breki za mafuta. Alifuata kanuni ya Blaise Pascal, mtaalamu wa karne ya 17: kioevu kilichofungiwa, kikisukumwa mahali pamoja, husukuma pande zote kwa msukumo ule ule. Mwaka 1921 gari la Duesenberg lilikuwa na breki hizo katika magurudumu manne.

Lakini vikombe vya ngozi vilivyozuia mafuta ndani ya silinda vilivuja. Wahandisi wa Chrysler wakaweka vya mpira katika gari lao la mwaka 1924. Land Rover, iliyotokea mwaka 1948, ikarithi breki hizo, pamoja na udhaifu wake: mkondo wa mafuta ulikuwa mmoja. Raba ya gurudumu moja ikivuja, pedali huzama, na magurudumu yote manne hukosa breki.

Nchi ya Wajir ni tambarare yenye mchanga. Dereva aweza kwenda siku nyingi akipunguza mwendo kwa gia, asiione hatari. Lakini lori hilo hilo likipeleka mifugo Nairobi, hukutana na miteremko ya Ukambani.

Basi fundi mwema hazibi bomba la gurudumu linalovuja ili safari iendelee, wala hatii mafuta ya injini badala ya mafuta ya breki, kwani huvimbisha raba. Hufungua dramu na kuchungua silinda. Ikiwa imeliwa na kutu au kukwaruzwa na mchanga, raba mpya haitadumu. Yapasa silinda ibadilishwe. Viatu vilivyolowa mafuta hubadilishwa pia, vya kulia na vya kushoto. Mwisho hutoa hewa katika mabomba, kwa sababu hewa hubonyea na kuila nguvu ya mguu.

Kuanzia mwaka 1968 sheria ya Marekani iliyataka magari mapya ya abiria yawe na mikondo miwili, mmoja ukitoboka mwingine ushike. Gari la kale halina mkondo wa pili wa kuliokoa. Uonapo unyevu upande wa ndani wa gurudumu lake, usiseme ni tone tu. Mdharau mwiba mguu huota tende.