Punguzo la kodi kwa wanaosoma masteri Marekani: lilitoka wapi, na linamfikia nani?

Wasomaji na wasikilizaji wetu, kuna maneno yanayozunguka kwenye simu za jamaa nyingi: eti kila anayesoma chuo kikuu Marekani anarudishiwa hela ya minervali na serikali. Basi ndugu walio kambini wanampigia kijana aliyetoka Nyarugusu ama Uganda akapokelewa kule: "Mbona hututumii kitu?" Kabla ya kumlaumu, tuangalie historia ya sheria yenyewe.

Sisi tunajua uzito wa kulipia shule. Tangu miaka ya 1990 wazazi wa Kongo walibeba prime ya walimu, hadi serikali ilipoanza elimu ya msingi bila malipo mwezi wa Septemba 2019. Kwa chuo kikuu, Marekani ilishika pia njia ya kodi: mwanafunzi analipa kwanza, halafu serikali inampunguzia kodi ya mapato.

Njia hiyo ilifunguliwa tarehe 5 Agosti 1997, rais Bill Clinton alipotia sahihi sheria mpya ya kodi. Alitaka miaka 2 ya kwanza ya chuo iwe jambo la kila mtu, kama ilivyo sekondari. Kwa hiyo punguzo kubwa, lililoitwa Hope, yaani Tumaini, lilifika dola 1.500 kwa mwaka, lakini kwa miaka hiyo 2 tu. La pili liliitwa Lifetime Learning, yaani kujifunza maisha yote. Hilo halihesabu miaka. Aliye kwenye masteri ama udaktari analipata, na hata mfanyakazi anayechukua somo moja ili aongeze ujuzi wa kazi. Mwanzoni lilifika dola 1.000, tangu 2003 ni asilimia 20 ya minervali hadi dola 10.000, yaani dola 2.000 kwa juu kabisa.

Mwaka 2009, wakati uchumi umeanguka, rais Barack Obama alipanua lile la Tumaini. Likaitwa American Opportunity: hadi dola 2.500 kwa mwaka, kwa miaka 4. Jambo jipya lilikuwa hili: hata asiye na deni la kodi anaweza kupewa mkononi hadi dola 1.000. Mwezi wa Desemba 2015 likafanywa la kudumu.

Hapo ndipo maneno ya simu yalipozaliwa. Ni kweli kuna hela inayorudi, lakini ni ya wale ambao hawajamaliza miaka 4 ya kwanza ya chuo. Aliyeimaliza kabla mwaka wa kodi haujaanza, mlango huo umefungwa kwake. Anabaki na lile la 1997, ambalo linafuta deni la kodi tu. Halitoi hela zaidi ya deni.

Tuchukue mfano wa mwaka 2024. Mwanafunzi wa masteri asiye na ndoa alipata mshahara wa dola 12.000, na akalipa minervali dola 10.000. Kwa hesabu punguzo lake ni dola 2.000. Lakini mwaka ule dola 14.600 za kwanza za mtu kama yeye hazikutozwa kodi ya mapato. Hana deni, basi punguzo halimpi hata dola moja. Kama mwajiri alimkata kodi hiyo kwenye mshahara, atarudishiwa. Lakini hiyo ni jasho lake mwenyewe, si zawadi ya serikali. Mwenzake mwenye deni la dola 700 atafutiwa 700, basi.

Kuna masharti mengine. Hela ya chumba na chakula haihesabiwi. Sehemu ya minervali iliyolipwa na bursi isiyotozwa kodi inatolewa kwenye hesabu. Na tangu 2021, mtu asiye na ndoa mwenye mapato ya dola 90.000 ama zaidi hapati kitu.

Hatari iko wapi? Iko kwa wajazaji wa fomu wanaomwambia mwanafunzi wa masteri: "Nitakuandika kwenye lile la dola 2.500." Sheria ya 2015 iliweka adhabu: anayedai bila kujali kanuni anazuiwa miaka 2, na anayedanganya kusudi anazuiwa miaka 10. Juu ya hiyo, hela yenyewe anairudisha. Jina kwenye fomu ni la mwanafunzi, si la mjazaji. Walio na mapato madogo wanaweza kutafuta wajitoleaji wa VITA, wanaosaidia bure.

Ndugu mlio kambini, mtoto akiwaambia kwamba hakurudishiwa kitu, msidhani anawaficha. Sheria iliyomfungulia mdogo wake wa mwaka wa kwanza ndiyo ileile iliyomwacha yeye nje.