Mrithi si lazima awe mwanamume

Neno mrithi halina jinsia, na waandishi wetu hulibana wanapodhani cheo cha ukoo sharti kimfuate mwanamume. Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll huko Uskoti, aliuawa kwa risasi karibu na Nairobi Januari 1941, akaacha binti mmoja, Diana, wa miaka 15. Cheo cha Erroll, cha tangu karne ya 15, kiliweza kushukia kwa mwanamke, hivyo binti akakirithi pamoja na dhamana ya Konstebo Mkuu wa Uskoti. Lakini ubaroni wa Kilmarnock, ambao pia ulikuwa wa Josslyn na uliundwa 1831 kwa wanaume tu, ulikwenda kwa Gilbert, mdogo wa marehemu, naye akabadili jina la ukoo akajiita Boyd. Marehemu mmoja, warithi wawili.

Atatokea wa kusema kwamba mrithi ni wa mali tu, wa cheo atafutiwe neno lingine. Sikubali: Waswahili hurithi jina, kiti, hata ugomvi. Shamba hugawanywa kwa mafungu; cheo hutwaliwa kizima na mtu mmoja. Basi mwandishi, ukimtaja mrithi, taja na anachorithi.