Fedha Zilizokaa Nyumba ya Jirani

Somo: Mathayo 6:25-34

Ndugu msikilizaji, leo nasema na yule aliyeamka na deni. Karo inadaiwa, mwenye duka amekataa kuandika tena katika daftari, na mshahara wa mwezi uliopita haujaonekana. Mtu kama huyo akisoma habari za ndege wa angani na maua ya kondeni, huenda akaona kwamba maneno haya ni ya watu walioshiba. Sitaki kumjibu kwa wepesi. Nataka nimweleze habari za mtu aliyeandika hesabu ya kila peni.

Jina lake ni George Müller. Alizaliwa mwaka 1805 huko Prussia, katika nchi ambayo sasa ni Ujerumani. Baba yake alikuwa mtoza kodi, na kijana huyu alikuwa akimwibia fedha za serikali. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alitiwa gerezani kwa kulala katika nyumba za wageni bila kulipa. Basi asidhani mtu kwamba Mungu alimkuta akiwa mwaminifu tayari. Aliokoka mwaka 1825, na wakati huo (msishangae) alikuwa akisomea uchungaji!

Akaenda Uingereza, akawa mchungaji wa kanisa dogo huko Teignmouth. Mwaka 1830 akaacha kupokea mshahara. Fedha zile zilitokana na viti vya kanisani vilivyokodishwa, tajiri akikaa mahali pazuri na maskini nyuma, naye alikuwa amesoma Waraka wa Yakobo sura ya pili. Akaweka sanduku mlangoni, kila mtu atie apendavyo.

Baadaye, katika mji wa Bristol, aliwatembelea Wakristo waliofanya kazi saa 14 hata 16 kila siku. Alipowaambia wapumzike kidogo wapate kusali, walijibu kwamba wakipunguza kazi watoto hawatakula. Hapo ndipo alipoazimia kufungua nyumba ya yatima bila kumwomba mwanadamu yeyote msaada, ili wale watu waone kwa macho kwamba Mungu yu hai. Akaomba paundi 1,000, nyumba, na wafanyakazi. Ilipofika siku ya kuandikisha watoto, Februari 1836, hakuja hata mmoja. Alikuwa ameomba kila kitu ila watoto! Akarudi magotini, na kesho yake wakaanza kuletwa.

Sasa sikilizeni habari za mwaka 1838. Nyumba zilikuwa tatu, na watoto zaidi ya 80. Tarehe 18 Septemba fedha zilikuwa zimekwisha, hata wakafikiria kuuza vyombo ambavyo wangeweza kukosa. Alasiri akaja mwanamke mmoja aliyetoka upande wa London, akaleta paundi 3, shilingi 2 na peni 6. Zilikuwa zimetumwa na binti yake. Lakini mama huyu alikuwa amefika Bristol siku nne au tano kabla, na alipanga chumba katika nyumba iliyopakana na ile ya yatima wavulana. Siku zote hizo ambazo Müller na wenzake walikuwa wakilia mbele za Mungu, fedha zilikuwa ng'ambo ya ukuta.

Mimi ningemkasirikia mama yule. Müller aliandika kwamba jambo hilo lilimwonyesha kuwa Mungu alikusudia kuwasaidia tangu mwanzo, ila alipenda waendelee kumwomba.

Wala msifikiri kwamba walikaa wakitazama mbingu tu. Wafanyakazi wenyewe walitoa mfukoni, wengine wakauza vitu vyao. Walikuwa wakilipa mkate na maziwa kwa juma, lakini walipoona kwamba juma laweza kwisha bila fedha, wakaanza kulipa kila siku. Kisichokuwa na fedha hakikununuliwa. Kuna mtu husema anamtumaini Mungu, kumbe anamtumaini mwenye duka.

Wako waliosema kwamba taarifa zake za kila mwaka zilikuwa ombi la fedha kwa mlango wa nyuma. Lawama hii si ya kipuuzi. Sisi wachungaji twajua jinsi tangazo la shukrani linavyoweza kugeuka mchango. Basi tazameni alivyofanya Desemba 1841. Wakati wa mikutano na taarifa ulikuwa umefika, na sanduku lilikuwa tupu. Kama angesimama mbele ya watu na kusoma hesabu, wangeona shida na kutoa. Akaiahirisha mikutano, na taarifa pia. Miezi iliyofuata ilikuwa migumu kuliko ile ya nyuma, na hakumwambia mtu wa nje. Tarehe 12 Aprili 1842, siku ambayo kwa maneno yake mwenyewe hawakuwa wamepata kuhitaji zaidi, zikafika paundi 100 kutoka India. Zilikuwa zimesafiri baharini muda wote ule walipokuwa wakikosa.

Kabla ya kufa, mwaka 1898, watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamelelewa katika nyumba zake. Mali yake yote ilipohesabiwa haikufika paundi 200, na zaidi ya nusu ilikuwa vitabu na vyombo vya nyumbani.