Kutoka Masijala hadi Mtandaoni: Istilahi za Kutia Waraka Katika Shauri

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza tendo moja la mahakamani ambalo kwa muda mrefu lilihesabiwa kuwa kazi ya makarani tu, lakini ambalo leo lina uzito mkubwa kwa mfasiri na kwa mwananchi mwenye shauri. Tendo lenyewe ni kupeleka waraka ili uingie katika shauri ambalo limekwisha kufunguliwa. Kwa Kiingereza tendo hili huitwa "file", na neno hilo hilo hutumika kwa kuanzisha shauri jipya. Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, wafasiri hawana budi kulitafutia neno hilo visawe. Maoni yetu ni kwamba kisawe kimoja hakitoshi, na historia ya mahakama zetu inaonyesha kwa nini.

Enzi ya karatasi

Asili ya neno la Kiingereza ni uzi: hapo zamani hati zilitungwa katika uzi au waya ili zisitawanyike. Kiswahili hakikurithi uzi huo. Kilipokea jalada, neno ambalo katika Kiarabu lina nasaba na ngozi. Kikapokea pia masijala, ambalo nasaba yake ni daftari la kuandikishia. Baadaye faili liliingia maofisini kutoka Kiingereza, lakini liliingia likiwa nomino. Kitenzi chake hakikupata makazi katika lugha rasmi.

Pengo hilo lina sababu ya kihistoria. Mahakama Kuu ya Tanganyika, iliyoundwa kwa amri ya mwaka 1920, iliendesha kazi zake kwa Kiingereza. Hati ya madai, majibu ya mdaiwa, viapo na maombi madogo yaliyofuata, vyote viliandikwa na mawakili kwa lugha hiyo. Kiswahili kilitumika katika mahakama za wenyeji, na baada ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 kikawa lugha ya Mahakama za Mwanzo. Lakini katika mahakama hizo mambo mengi yalisemwa kwa mdomo. Mdai asiyejua kuandika aliweza kueleza dai lake, nalo likaandikwa pale pale mahakamani. Hivyo basi, usemi wa kufungua shauri ulikomaa mapema, kwani kila mtu aliuhitaji. Ila usemi wa kuongeza waraka katika shauri linaloendelea haukukomaa, kwa kuwa waraka wenyewe ulikuwa nadra.

Hata Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa katika miaka ya 1970, haja hii haikuonekana kuwa ya haraka. Masijala za mahakama za juu ziliendelea kufanya kazi kwa Kiingereza, na karani aliyezungumza na mwananchi kwa Kiswahili alitumia maneno ya kawaida: lete, lipa, nenda.

Maneno hayo ya kawaida, hata hivyo, yalikuwa na hekima. Yalitenganisha hatua ambazo Kiingereza kiliziunganisha. Waraka uliletwa dirishani, ada ikakadiriwa na kulipwa, stakabadhi ikatolewa, muhuri wenye tarehe ukagongwa, ndipo waraka ukatiwa ndani ya jalada lenye namba ya shauri. Je, ni hatua ipi kati ya hizo iliyokuwa "kufile"? Swali hili si la wanalugha peke yao. Katika uamuzi uliochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1992, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba tarehe inayohesabiwa ni ile ya kulipa ada, wala si ile ambayo masijala ilipokea nyaraka. Aliyeleta waraka wake siku ya mwisho na kulipa kesho yake alikuwa amechelewa.

Kuingia kwa mtandao

Mwaka 2018 zilitungwa kanuni za kupeleka nyaraka mahakamani kwa njia ya kielektroniki, zilizochapishwa katika Tangazo la Serikali Na. 148. Kenya ilianzisha utaratibu wa namna hiyo katika mahakama za Nairobi tarehe 1 Julai 2020. Kwa utaratibu huu dirisha la karani liliondoka, na mahali pake pakawa na maneno yaliyoandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Zamani mwananchi aliyekosea alisahihishwa na karani. Sasa neno lenyewe ndilo karani. Mdaiwa mwenye siku 21 za kujibu madai, akiongozwa na neno linalomaanisha kuanzisha shauri, aweza kufungua shauri jingine na kuliacha lile la kwanza bila majibu.

Ugumu wa kutafsiri unaonekana wazi katika kanuni ya 21 ya kanuni hizo za mwaka 2018. Kwa Kiingereza inatumia vitenzi viwili tofauti, kimoja cha kukabidhi waraka kwa mfumo, kingine cha waraka kuhesabiwa kuwa sehemu ya shauri. Wafasiri wengi huvitolea vyote viwili kisawe cha "kuwasilisha". Matokeo yake ni sentensi isiyosema kitu: waraka utahesabiwa umewasilishwa iwapo umewasilishwa kabla ya saa sita usiku. Aidha, magazeti ya Kenya hutumia "kuwasilisha kesi" kwa maana ya kuifungua, na kwa hiyo kitenzi hicho kimoja kimebebeshwa mizigo mitatu.

Mapendekezo

Tunapendekeza kila tendo lipewe neno lake. Kufungua shauri kubaki kwa kuanzisha shauri jipya tu. Kuwasilisha kutumike kwa kukabidhi waraka, iwe kwa mkono au kwa mtandao. Kutia jaladani kutumike kwa waraka kuingia rasmi katika shauri lililopo, na nomino yake iwe utiaji jaladani. Wapo watakaotamani kitenzi kifupi cha kujalidi. Lakini hicho kina kazi yake tayari, yaani kutia kitabu jalada.

Kwa istilahi hizi kanuni ile yasomeka hivi: waraka utahesabiwa umetiwa jaladani siku ulipowasilishwa, iwapo umewasilishwa katika mfumo kabla ya saa sita usiku kwa saa za Afrika Mashariki, isipokuwa pale Mahakama ilipoweka muda mahususi au waraka ulipokataliwa. Msomaji sasa anaona matendo mawili, na anaweza kuuliza kwa haki lini la kwanza linazaa la pili, na ada ina nafasi gani kati yake. Jibu ni la majaji. Kazi ya mwanaistilahi ni kuhakikisha kwamba swali linaweza kuulizwa kwa Kiswahili.

Yawezekana mtu akasema kwamba jalada ni kitu cha karatasi, na mtandaoni hakuna karatasi. Lakini hata Waingereza hawatungi tena hati katika uzi, na neno lao halijawapotosha. Jalada la mtandaoni lina namba, lina mwaka, lina wadaawa. Na waraka usiomo ndani yake, hakimu hausomi.